Mume Aliyetakiwa Kutia Sahihi

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Ninalisema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati na kuniuliza "Ati nini?" kama nilivyoulizwa maisha yangu yote, na watu waliosoma na wasiosoma. Kwetu Ukambani si jambo la kushangaza. Mwanamke akikosa watoto, na mumewe amekufa na kumwachia shamba, anaweza kuoa. Anatafuta msichana, wanakubaliana, anapeleka mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana, wazee wanachinja na kula, na kuanzia siku hiyo ndoa ni ndoa. Msichana yule anaitwa iweto. Watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya yule aliyemwoa, wanabeba jina la nyumba hiyo na kurithi shamba lake. Amewazaa na nani, hilo haliulizwi, na mwenye adabu haliulizi.

Mimi ni mtoto wa ndoa hiyo. Yule aliyemwoa mama tulimwita Susu, ambalo ni neno letu la nyanya, kwa kuwa alikuwa ameshakula chumvi nyingi mama alipofika kwake. Alikuwa mrefu, mkavu, mnusa tumbaku, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga lake. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wamelikodolea macho lile shamba lake la mlimani, upande wa Kangundo, wakingoja afe. Alipooa, walinuna. Mama aliponizaa mimi, walinuna zaidi, na Susu akawa anapita mbele ya maboma yao akiwa amenibeba mgongoni, makusudi kabisa, akiimba.

Mama naye alikuwa mtu wa mzaha. Wakiwa jikoni peke yao alimwita Susu "bwana yangu". "Bwana yangu, chai imeiva." "Bwana yangu, leo umerudi umechelewa, ulikuwa kwa nani?" Susu alicheka mpaka tumbaku ikampalia. Nilikua nikiwasikia hivyo kila jioni, na nikikumbuka neno nyumba, ni sauti hizo mbili ninazozisikia. Walipendana, sisemi kwa namna ile wanayoifikiria watu wenye fikira chafu. Walipendana jinsi watu wawili wanavyopendana wakiwa wamelima pamoja, wamelala njaa pamoja mwaka wa ukame, na wamezika pamoja.

Kanisani hawakumpenda. Mama alikaa kiti cha nyuma miaka yote ile na hakupewa komunyo, kwa kuwa padre alisema ile si ndoa, aiache kwanza. Aiache aende wapi? Alimsikiliza padre kwa heshima, akarudi nyumbani akapalilia mbaazi.

Basi. Katikati ya miaka ya tisini mama alishika mimba ya mwisho. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja bahati, na wadogo zangu wawili walikuwa bado shule ya msingi. Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga wa kijijini alimpapasa tumbo, akakunja uso, akasema mtoto amelala kando na hatageuka, mpelekeni mjini haraka. Jirani yetu mmoja alikuwa anapakia nyanya kwenye pikapu yake. Alizishusha nyanya zote chini bila kuombwa mara mbili, tukatandika godoro, tukateremka Machakos. Susu alikaa amempakata mama kichwa, na kila tuliporuka shimo alimtukana dereva, kisha akamwomba msamaha, kisha akamtukana tena.

Hospitali tuliyofika siitaji jina. Ilikuwa bado asubuhi, jua limeanza tu kupata nguvu. Daktari alikuwa kijana, bado ndevu hazijakomaa, na kusema kweli hakuchelewa. Alimpima mama, akatoka na kusema maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu haya: huyu mama apasuliwe sasa hivi, mtoto hawezi kupita, na akingojewa kizazi kitapasuka, tutawapoteza wote wawili. Sasa hivi, alisema. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, mtu wa kumlaza usingizi alikuwepo. Nilimshukuru Mungu, haki ya Mungu nilimshukuru, nikidhani kazi imekwisha.

Muuguzi mkuu akaja na karatasi. Alikuwa mama mnene, mwenye saa kifuani na sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Bwana yake ako wapi?"

"Mimi hapa," Susu akasema.

"Nauliza bwana ya huyu mgonjwa."

"Na mimi nakujibu. Mimi ndio bwana yake. Nilimwoa. Nilipeleka mbuzi, wazee wakala. Lete hiyo karatasi niweke kidole."

Kulikuwa na watu wengi kwenye ile benchi ya nje, na walicheka. Muuguzi naye alicheka, kisha akaona Susu hacheki, akakasirika. Alisema, "Cucu, hii ni hospitali, si mahali ya mchezo." Tena akamwita nyanya kwa Kikuyu, ili kumwonyesha kwamba hana haja hata ya kujua ni mtu wa wapi. Alisema karatasi ya upasuaji inatiwa sahihi na mume, na kama mume hayuko basi mwanamume mwingine wa ukoo, ndiyo sheria.

Ndiyo sheria. Mkumbuke neno hilo.

Mwanamke mmoja pale kwenye benchi, mwenye huruma zake, alimnong'oneza Susu kwa Kikamba: mwambie wewe ni mama mkwe, usijitie kwenye mambo haya ya iweto, hawa hawayajui. Susu alimtolea macho. "Nimkane mke wangu akiwa anaumwa?" Lakini mama alipiga ukelele ule ambao sitaki kuueleza, na Susu akameza kiburi chake. Alimfuata muuguzi hadi mlangoni.

"Basi mimi ni mama mkwe wake."

"Aa, sasa umebadilika? Sawa. Mtoto wako ako wapi aje aweke sahihi?"

"Sina mtoto."

"Mama mkwe bila mtoto!"

Wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa ameonekana mwongo. Alisema ukweli, wakamcheka. Alisema uongo, wakamshika.

Mimi nikaingia kati. Nilisema mama yangu ana akili zake, anajua kusoma, anajua kuandika jina lake, mpeni yeye mwenyewe karatasi. Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu ukutani, na alisikia. Alinyoosha mkono. Ule mkono nauona hata sasa ninapoandika, umenyooshwa, vidole vimekunjuka tayari kushika kalamu. "Lete, dada," alisema, "niandike mimi." Muuguzi alimrudishia mkono juu ya tumbo kwa upole kabisa, akampigapiga begani. "Tulia mama. Uko na uchungu, hujui unachosema."

Alijua. Alikuwa mtu pekee pale ndani aliyejua anachosema. Mwili ulikuwa wake, mtoto alikuwa wake, kifo kilichokuwa kinakuja kilikuwa kinamjia yeye, na kalamu ikapita juu ya kichwa chake ikitafuta mwanamume.

Nilimwendea yule daktari. Nilimsihi mpaka nikashika koti lake jeupe. Alikuwa ameloa jasho. Aliniambia kwamba mwaka uliopita mwenzake alimpasua mwanamke bila sahihi ya mume, mume akaja na panga, na baada ya panga akaja na wakili. "Mwenye mke akija kuniuliza nitamwambia nini?" Nikamwambia, mwenye mke ndiye huyo nje, mnayemcheka. Aliangalia chini. Sikuona ubaya kwenye uso wake, niliona woga tu, na nimeishi kutosha kujua kwamba woga umezika watu wengi kuliko ubaya.

Haya, mwanamume wa ukoo. Nani? Kaka yake mama alikuwa Ekalakala, mbali, bila simu, na kumfuata na kurudi ni siku nzima. Ndugu za marehemu mume wa Susu walikuwa kwetu mlimani, nusu siku kuwapata, na wale hata wangepatikana wangekuja wakitembea taratibu, maana iweto akifa na mtoto tumboni, wao shamba limewasogelea. Dereva wa pikapu alikuwa ameshageuza kurudia nyanya zake kabla jua halijaziharibu. Nilisimama pale kwenye lango la hospitali nikiangalia wanaume wakipita barabarani, wazima, wengi, wamebeba magazeti na mikate, na nikafikiri, mmoja wenu tu, hata huyo mlevi, angetosha.

Hapo nikamkumbuka Mswahili wa mbaazi.

Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye duka nyuma ya soko, duka la mchele, viungo na leso, na watu wake walitoka pwani tangu zamani za babu yake. Mkewe alipenda kupika mbaazi kwa nazi, na kila msimu Susu alimletea mbaazi mbichi kwenye kiondo. Walibishana kila mara, yeye akimwambia Susu amejaza maganda, Susu akimwambia macho yake yamezeeka, kisha mzee anampa kahawa kwenye kikombe kidogo na wanapeana habari za mvua. Zaidi ya hapo hatukuwa na ujamaa wowote. Nilikimbia mpaka kwake.

"Kuna nini, mwanangu? Kaa kwanza upumue."

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye kusema mume ni Susu, alisema "Astaghfirullah" na kuvua miwani. Hakucheka, na kwa hilo tu nilimpenda. Alifikiri. Alisema kwao kusimama mbele za watu na kumwita mwanamke mkewe wakati si mkewe si neno la kutamka hivi hivi, ndoa haichezewi. Kisha akageuka akaita nyuma ya pazia, na mkewe akatoka, mama mfupi, mikono imejaa unga. Akamweleza yote. Akamuuliza, "Wasemaje?"

Yule mama alinitazama mimi, si yeye. "Roho za watu wawili, bwana," alisema. "Nenda. Mola ajua nia. Lakini harakisha basi, wasimama wafanya nini!"

Nimefikiri juu ya jambo hilo mara nyingi. Siku nzima ile, mwanamke wa kwanza kuulizwa maoni yake juu ya jambo lolote alikuwa huyo, tena aliulizwa na mumewe, nyuma ya duka, na mtu ambaye watu wa mjini humo hupenda kusema dini yake inawafungia wake zao ndani.

Tulifika yeye akiwa na kanzu yake na kofia yake, anahema. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Njiani alikuwa ameniuliza jina kamili la mama na kulirudia polepole mdomoni, jina la Kikristo lile, ili asikosee. Susu alipomwona aliinuka kwenye benchi. Waliangaliana. Yule mzee aliinamisha kichwa, kama anamwomba ruhusa, na Susu akaitikia kwa kichwa.

"Wewe ndio bwana yake?" muuguzi akauliza.

"Ndiyo, mimi."

"Ulikuwa wapi saa zote hizi? Nyinyi wanaume! Weka hapa. Na hapa."

Basi, imekwisha. Hakuulizwa kitambulisho. Hakuulizwa kwa nini amevaa kofia na mkewe amevaa rozari shingoni. Hakuulizwa alimwoa lini, wapi, kwa mbuzi gani. Benchi nzima ilinyamaza kwa heshima. Ukweli wa Susu, wenye wazee na mashahidi na miaka ishirini ya jembe, ulikuwa umekataliwa kwa kicheko, na uongo wa mtu aliyejifunza jina la mama njiani ukapokelewa kwa kalamu ya wino. Alikuwa mwanamume. Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa, na sijui kwa nini hawakuweka tu suruali kwenye meza ya mapokezi, wakaacha watu waigusishe karatasi.

Walimsukuma mama kuelekea chumba cha upasuaji. Alikuwa ameshaishiwa sauti, midomo imekauka na kuwa myeupe, lakini aliona yote. Kitanda kilipompita Susu, mama alimshika nguo na kumwambia kwa Kikamba, na nilikuwa karibu, nilisikia:

"Bwana yangu, kumbe umenioza kwa mwingine?"

"Nyamaza," Susu akasema. "Sijakuoza. Nimekukopesha tu."

Mama akacheka. Ile ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Kizazi kilikuwa kimepasuka. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa. Yule daktari kijana alihangaika na damu ya mama mpaka jioni, na baadaye nilimwona ameketi kwenye ngazi za nyuma, glavu bado mikononi, analia. Sikumwonea huruma. Nilitaka, sikuweza.

Kesho yake adhuhuri tulikuja na uji. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na mtu anapiga deki chini yake. Susu aliuliza mgonjwa wake yuko wapi. Muuguzi wa zamu, msichana mdogo kuliko mimi, aliangalia kwenye faili na kusema, "Tunangojea mzee wake ndio tumwambie."

"Mniambie mimi."

"Wewe ni nani wake?"

Susu aliweka birika la uji chini. Alikaa juu ya zile springi tupu za kitanda, akashika kile chuma kwa mikono yote miwili, na akaanza kulia kwa sauti, kilio chetu cha kijijini, katikati ya wodi, na msichana yule akamwambia anasumbua wagonjwa wengine.

Nitaruka miaka kidogo. Miaka ya elfu mbili ilipoingia nilikuwa nimeolewa, na nilijitolea kuwa mhudumu wa afya kijijini. Tuliitwa semina moja, katika ukumbi wa kukodi pale Kyumbi, njia panda. Siku ya mwisho akaletwa mwanasheria, mwanamke, mwembamba, anaongea kwa utulivu, atufundishe haki za mgonjwa na maadili ya tiba. Alisema mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa kupasuliwa. Si mume, si baba, si mchungaji. Uchungu wa kuzaa haumfanyi mwanamke kuwa mwendawazimu. Na kama mgonjwa hawezi kusema, na roho iko hatarini, daktari anaokoa kwanza, sahihi baadaye.

Niliinua mkono. Nikamuuliza sheria hiyo imeanza lini.

Alinitazama, akidhani sikuelewa. "Haikuanza juzi, dada yangu. Imekuwa hivyo siku zote. Hakuna sheria ya nchi hii iliyowahi kudai sahihi ya mume."

"Na zile karatasi? Na zile hospitali zinazokataa?"

"Ni mazoea tu," akasema.

Mazoea tu! Nilikaa. Wenzangu waliendelea kuandika, kisha tukaletewa wali na nyama ya kuku, na watu walikula. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukumbi ule, mahali wauza mahindi ya kuchoma walipokuwa wameegesha mikokoteni yao. Miaka yote ile nilikuwa nimeichukia sheria. Nilikuwa nimeifikiria kama jitu kubwa lililoketi Nairobi lililomtazama mama yangu na kuamua kwamba si mtu. Angalau jitu unaweza kulilaani. Kumbe sheria ilikuwa upande wake. Sheria ilikuwa imemwekea mama kalamu mkononi tangu zamani, na muuguzi mmoja akaiondoa kwa upole, akampigapiga begani. Ni nani nimlaani sasa? Mazoea hayana uso. Hayana hata mlango wa kubisha.

Sisemi yule muuguzi alikuwa muuaji. Nimekutana naye sokoni baada ya yeye kustaafu, amenunua viazi, ananisalimia "habari ya siku nyingi" bila kujua mimi ni nani. Nina hakika anaamini mpaka leo kwamba alifuata sheria. Watu husema sheria na maadili vinalinda uhai wa binadamu, na mimi nawafundisha hivyo hivyo wanawake wa kijijini kwangu, nawakaririsha: jina lako, sahihi yako, mwili wako. Lakini kinywa changu ni kichungu ninapofundisha. Haki iliyofungiwa kwenye kabati la wanasheria, na hakuna mtu aliyemwambia mgonjwa wala yule aliyeshika mkasi, inamlinda nani?

Na bado sijasimulia siku ya kuchukua maiti, ambayo ndiyo inayoniamsha.

Wazee wa ukoo walikuja, walewale walioila ile ntheo, wale waliobaki hai. Kaka yake mama alifika kutoka Ekalakala. Susu alivaa koti la marehemu mumewe, lile la sherehe, akashika mkongojo. Alikuwa amekuja kumchukua mkewe, na alitaka ionekane hivyo. Tulikuwa na jeneza kwenye pikapu na kaburi limeshachimbwa shambani, kwenye ardhi ambayo mama aliipalilia tangu ujana wake.

Mhudumu wa mochari alitazama kitabu chake akasema hawezi kutoa mwili. Mume ameandikwa, mume ndiye atatia sahihi. Kaka yake mama akasema yeye ni ndugu wa damu. Mhudumu akasema, mlete mume, au mlete karatasi ya korti kwamba mume amekufa. Wazee walikohoa. Niliwangoja. Nilimtazama mmoja mmoja, nikisema moyoni, semeni, mlikula mbuzi, semeni sasa kwamba mume ndiye huyu. Hata mmoja hakufungua mdomo. Waliona haya, mbele ya yule mtu wa aproni ya plastiki, kusema kwamba ukoo wao una mwanamke aliyeoa. Kwenye mbuzi hawakuona haya.

Ikabidi nikimbie tena nyuma ya soko.

Mswahili wa mbaazi alikuja bila kuuliza swali. Mkewe alikuja naye safari hii, amejitanda buibui, ameleta leso mpya ya kumfunika mama. Yule mzee alitia sahihi pale alipoonyeshwa. Alirudisha kalamu akafuta macho, na mhudumu alidhani ni majonzi ya mume, na pengine ni majonzi kweli, sijui. Akavua glavu. Akampa mkono kwa heshima.

"Pole sana mzee. Ni kazi ya Mungu. Mke ni mke, najua uchungu wake."

Wagonjwa waliokuwa wakiota jua ukutani nao wakasogea, mmoja mmoja, wakampa mkono. Pole mzee. Pole kwa kumpoteza mama watoto. Yeye aliwaitikia akiangalia chini, na alikuwa analia, na kila mara aligeuka kumtafuta Susu kwa macho, kama mtu aliyevikwa nguo ya mwenziwe na hajui aivue wapi.

Susu alikuwa amesimama mlangoni kabisa, ndani ya lile koti, akichungulia mle gizani walimokuwa wakimtoa mama. Hakuna aliyempa mkono. Jeneza lilipofika kizingitini, na Mswahili wa mbaazi nyuma yake, mhudumu alimshika Susu kiwiko, wala si kwa ubaya, akamweka kando ukutani.

"Hebu sogea kidogo, mama," alimwambia. "Wacha mwenyewe apite."